Unaponunua bidhaa, nunua na siku zake

Katoni ya biskuti inayotoka Dar es Salaam hadi Songea husafiri zaidi ya kilometa 900, na katika safari hiyo mfanyabiashara hulipa nauli mbili. Ya kwanza anaijua, kwa sababu anamkabidhi mwenye lori fedha mkononi. Ya pili hailipwi kwa shilingi. Inakatwa kimya kimya kwenye tarehe iliyopigwa chapa juu ya pakiti. Kila siku ambayo katoni hiyo imelala kiwandani, kwa wakala au kwenye stoo ya duka la jumla ni siku iliyopungua katika uhai wa bidhaa, na haidaiwi popote.

Wafanyabiashara wengi wadogo hupigania bei ya katoni hadi shilingi ya mwisho, lakini hawaulizi imebakiza miezi mingapi. Matokeo yake huonekana pale stoo inapofagiliwa: tambi, majarini, maziwa ya unga na nyanya za kopo vimepita tarehe, na faida ya miezi kadhaa imo ndani ya rundo la takataka. Wengine, kwa uchungu wa kupoteza mtaji, huzirudisha rafuni wakitumaini mteja hatatazama. Wengine huzibeba nyumbani bila kujua kipi kinafaa kuliwa na kipi kinaweza kumlaza mtoto hospitali. Wiki hii tunaiweka kando bei ya mahindi na kuitazama tarehe, kwa sababu nayo ni sehemu ya bei.

SONGEA SI MWISHO WA SAFARI

Bidhaa nyingi za pakiti zinazouzwa katika Manispaa ya Songea hupanda kwa malori kupitia Iringa, Makambako na Njombe. Kipande cha Makambako hadi Songea peke yake ni karibu kilometa 300, juu ya lami iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Barabara yenyewe haili siku nyingi. Siku huliwa kwenye vituo: ghala la kiwanda, ghala la msambazaji, stoo ya wakala wa njiani, na hatimaye stoo ya duka la jumla hapa mjini.

Na hapo safari haijaisha. Mwenye duka la jumla Songea huwauzia wenye maduka wa Peramiho, Mbinga, Namtumbo, Tunduru na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwenye duka wa kijijini huuza polepole, hasa miezi ya mvua, wakati fedha za mahindi zimekwisha na mavuno mapya bado yako shambani. Kisha yuko mlaji, ambaye naye hununua pakiti mbili leo na kuifungua ya pili wiki tatu zijazo. Kwa hiyo bidhaa iliyobakiza miezi mitatu ikiwa Songea mjini haina miezi mitatu. Ina miezi mitatu ya kugawana watu watatu.

Wafanyabiashara wa umri mkubwa watakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za Kampuni za Biashara za Mikoa, yaani RTC. Sukari na mafuta ya kula vilikwisha kabla havijapangwa rafuni, na hakuna aliyeuliza tarehe. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 rafu zikaanza kujaa, na likazaliwa tatizo ambalo enzi za uhaba hazikulijua: bidhaa inayomsubiri mnunuzi. Soko huria lilileta bidhaa nyingi, na pamoja nazo likaleta hasara ya kukaa.

TAREHE TATU, MAANA TATU

Kwenye pakiti huandikwa tarehe za aina tatu, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi hutanguliwa na herufi MFG au MFD. Hiyo haisemi mwisho, ila humsaidia mnunuzi wa jumla kujua bidhaa imelala njiani muda gani.

Ya pili ni tarehe ya ubora, yaani "bora itumike kabla ya", ambayo kwenye pakiti hufupishwa BB au BBE. Ni ahadi ya mtengenezaji kwamba hadi siku hiyo ladha, harufu, rangi na virutubisho vitakuwa kama alivyovitangaza. Siku ya pili yake chakula hakigeuki sumu. Huanza tu kushuka, kidogo kidogo, kama shati jipya linavyopauka.

Ya tatu ni tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo wengi wanaijua kwa herufi EXP. Hiyo ni amri. Ikipita, chakula hakiuzwi na hakiliwi.

Tume ya Codex, chombo cha FAO na WHO kilichoundwa mwaka 1963 kuweka viwango vya chakula duniani, ilirekebisha kiwango chake cha lebo mwaka 2018 ili kuzitenganisha wazi tarehe hizi mbili za mwisho. Kiwango hicho kinataka chakula kisichozidi miezi mitatu kiandikwe siku na mwezi, na kinachozidi miezi hiyo kionyeshe angalau mwezi na mwaka. Siki, chumvi isiyotiwa madini joto na sukari isiyoongezwa virutubisho havilazimiki kuwekewa tarehe ya mwisho.

Ugumu wa soko letu ni kwamba baadhi ya viwanda huandika EXP hata kwenye bidhaa kavu, ambayo kwa asili yake ingestahili tarehe ya ubora tu. Mnunuzi hana uwezo wa kukisia mtengenezaji alikuwa na nia gani. Palipoandikwa EXP, ichukuliwe kuwa ni EXP.

Jihadhari pia na mpangilio wa tarakimu. Kwa kawaida ya kwetu 03/04 ni tarehe 3 Aprili, lakini kwenye bidhaa iliyofungashwa kwa ajili ya soko la Marekani ni Machi 4. Tofauti ya mwezi mmoja kwenye katoni 50 si jambo dogo.

DUKANI NI UKUTA, NYUMBANI NI ALAMA

Katika nchi kadhaa duka lina ruhusa ya kuuza bidhaa iliyopita tarehe ya ubora, mradi bado inafaa kuliwa. Uingereza ni mojawapo. Desemba 2017 maduka ya ushirika ya East of England Co-op yalianza kuuza bidhaa kavu na za makopo zilizopita tarehe hiyo kwa peni 10 kila moja, ili zisitupwe. Iliyopita tarehe ya mwisho wa matumizi haikuguswa, kwa sababu kuiuza ni kosa.

Mfanyabiashara wa Songea asiichukue habari hiyo akaijaribu. Usimamizi wa usalama wa chakula nchini ulikuwa mikononi mwa TFDA chini ya sheria ya mwaka 2003, na tangu Julai 2019 uko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Wakaguzi wakikuta rafuni bidhaa iliyopita tarehe huiondoa sokoni iteketezwe, na mwenye mali ndiye anayebeba hasara. Mkaguzi hana haja ya kuonja tambi zako ili ajue kama bado ni nzuri. Anasoma tarehe. Hata kama wewe una hakika nazo, huna cha kumwonyesha.

Kwa hiyo kanuni ni mbili. Kwa mwenye duka, tarehe yoyote ya mwisho iliyo kwenye pakiti ni ukuta. Kwa mlaji aliyekwisha kununua na kuweka kabatini, tarehe ya ubora ni alama ya njia: inamwambia aanze kuchunguza, haimwambii atupe.

HESABU YA KATONI 30

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ananunua katoni 30 za tambi kwa sh. 24,000 kila moja, jumla sh. 720,000. Anapanga kuuza kwa sh. 28,000. Zikiisha zote, faida ni sh. 120,000 kabla ya nauli na gharama nyingine.

Sasa katoni 5 zipite tarehe. Atauza 25 na kupata sh. 700,000. Hana faida hata senti moja. Amepoteza sh. 20,000 za mtaji. Hesabu ni rahisi kwa sababu faida ya katoni ni sh. 4,000 na bei yake ya kununulia ni sh. 24,000: kila katoni moja inayokufa inakula faida ya katoni sita zilizouzwa. Ndiyo maana duka linaweza kuonekana lina wateja kutwa nzima, na mwisho wa mwaka mwenyewe akawa hana fedha ya kuongeza mzigo.

Lakini angeziona katoni hizo 5 mapema, wiki sita kabla ya tarehe, akazishusha hadi sh. 22,000, yaani chini ya bei aliyonunulia, angepata sh. 110,000 zaidi. Jumla ingekuwa sh. 810,000, na faida sh. 90,000. Kuuza kwa hasara ndogo mapema kumemwokoa na hasara kubwa baadaye. Wengi hushindwa hapa kwa sababu ya kiburi cha bei: "Siwezi kuuza chini ya nilichonunulia." Bidhaa yenye tarehe haikungoji ufike bei yako.

Hesabu ya pili ifanyike kabla ya kununua, nayo ni ya mwendo. Ukiuza katoni 2 kwa wiki, katoni 30 zinahitaji wiki 15. Kama zimebakiza wiki 12, utauza 24 na 6 zitakufia. Na kama unamheshimu mteja wako na kumwachia angalau wiki 4 za kutumia, unazo wiki 8 tu za kuuza, yaani katoni 16. Hapo mzigo wa katoni 30, hata ukipewa kwa bei ya chini sana, ni mzigo wa katoni 16.

Bei ya chini isiyo ya kawaida mara nyingi ndiyo habari yenyewe. Wakala anayekupunguzia sana huenda anakuhamishia tarehe zake. Si dhambi kununua mzigo wa namna hiyo, mradi unajua unachonunua, una wateja wa haraka, na bei imeshuka kulingana na siku. Fungua katoni, soma pakiti ya juu na ya chini, linganisha na tarehe ya katoni. Kisha uliza kama msambazaji anapokea bidhaa zinazokaribia tarehe na kuzibadilisha. Akikubali, aandike kwenye ankara. Ahadi ya mdomo ya mtu aliye kilometa 900 haina stoo.

STOO: SOMO AMBALO RUVUMA INALIJUA

Tarehe iliyo kwenye pakiti ina sharti: chakula kihifadhiwe mahali pakavu, penye ubaridi, pasipo jua. Sharti likivunjwa, ahadi imekufa hata kama tarehe bado. Biskuti zilizokaa chini ya bati la moto zinaweza kuharibika miezi kabla.

Jambo la kushangaza ni kwamba mkoa huu unajua kuhifadhi chakula kuliko mikoa mingi. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa nchini kwa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake hapa Songea. Mkulima wa kawaida anajua kwamba gunia haliwekwi juu ya sakafu tupu, ghala husafishwa kabla ya mavuno mapya, na mahindi ya zamani hutangulia kutoka. Mkulima huyo huyo akifungua duka huyasahau yote, akaisukuma katoni ukutani kama tofali.

Sheria za stoo ya duka ni zile zile za ghala. Panga katoni juu ya chaga za mbao, sentimeta 15 hivi kutoka sakafuni, na uache nafasi kati yake na ukuta, ili hewa ipite na panya aonekane. Mzigo mpya uende nyuma, wa zamani uje mbele. Lakini usitazame siku ulioingia tu: kinachotangulia kutoka ni kile chenye tarehe ya karibu, hata kama kimeingia jana. Andika mwezi na mwaka wa mwisho kwa kalamu ya wino mzito upande wa katoni unaoonekana, tarakimu kubwa, ili hata kijana wa kubeba azione bila kufungua.

Tenganisha chakula na vitu vyenye harufu. Maduka mengi huweka sabuni, mafuta ya taa na hata dawa za shambani chumba kimoja na unga na majani ya chai, hasa msimu wa pembejeo unapoanza. Unga na chai hunyonya harufu haraka, na dawa ya wadudu ikivuja hakuna tarehe itakayokusaidia.

Hali ya hewa ya Songea ina faida na hasara zake. Mji uko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake hurefusha uhai wa bidhaa kuliko joto la Dar es Salaam au la Mbamba Bay kando ya ziwa. Hasara ni mvua za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Unyevu huo huganda kwenye chumvi, sukari, maziwa ya unga na unga wa kuumulia, na hulainisha biskuti iliyotoboka hata tundu dogo. Bidhaa hizo zinunuliwe kidogo kidogo wakati wa mvua, na kwa wingi kiangazi.

Ubaridi wa Juni na Julai una kisa chake. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa huwa mazito, yakafanya ukungu mweupe au kuganda kabisa ndani ya dumu. Mteja huyakataa akidhani yameharibika. Hayajaharibika, yakipata joto hurudi kama yalivyokuwa. Mweleze mteja, usimpunguzie bei kwa kosa ambalo halipo.

NYUMBANI: KIPI KINALIWA, KIPI KINATUPWA

Sasa tuje kwenye kabati la nyumbani, ambako pia fedha nyingi hutupwa bila sababu. Tunazungumzia bidhaa ambazo hazijafunguliwa, zimehifadhiwa vizuri, na zimepita tarehe ya ubora.

Mchele mweupe, tambi, sukari na chumvi ni vyakula vya kudumu. Vikiwa vikavu na bila wadudu, tarehe ya ubora ikipita miezi kadhaa havina neno. Ila chumvi yenye madini joto hupoteza madini hayo kwa unyevu na joto, kwa hiyo ya zamani sana hukoleza mboga bila kuleta faida yake ya afya.

Maharage makavu hayaozi, lakini kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyokuwa magumu kuiva, hasa yakikaa kwenye joto na unyevu. Ukiyanunua kwa bei ya chini, piga hesabu ya mkaa. Huenda kilo ya bei rahisi ikawa ghali jikoni.

Unga wa sembe hudumu kuliko dona. Kwenye dona kiini cha punje kimesagwa pamoja, na kiini kina mafuta, na mafuta hayo huanza kuharibika mara tu punje inapovunjwa. Ndiyo maana dona ya zamani huwa chungu na kunuka kama mafuta ya juzi. Ukiisikia harufu hiyo, acha. Unga wa ngano mweupe uko karibu na sembe. Ule usiokobolewa uko karibu na dona.

Mafuta ya kula hujulishwa na pua. Yakinuka kama rangi au kama karanga za zamani, yamekwisha. Jua huyaharibu mapema na kuua vitamini A iliyoongezwa ndani yake, kwa hiyo chupa isikae dirishani.

Majani ya chai na kahawa ya unga hupungua harufu na ladha, havidhuru. Hamira ipimwe: weka kijiko kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, isipotoa povu kwa dakika 10 haitaumua mandazi yako. Asali ikiganda chembechembe haijaharibika. Chovya chupa kwenye maji ya moto kiasi.

Makopo yana sheria zake. Samaki, nyama na maharage ya kopo hudumu miaka kama kopo ni zima. Nyanya na matunda hudumu kidogo, kwa sababu uchachu wake hula bati kutoka ndani. Bonde dogo ubavuni halina hatari, lakini bonde lililokunja kingo, kutu iliyopenya, kopo linalovuja au lililovimba ni la kutupa. Kopo lililovimba lisifunguliwe ili lionjwe. Vimelea vya sumu ya botulini havihitaji harufu mbaya ili viue.

Chakula cha watoto wachanga hakina mjadala. Maziwa ya kopo ya watoto yakipita tarehe, hata siku moja, hayatumiki, kwa sababu mtoto huyo hana chakula kingine cha kufidia virutubisho vilivyopungua. Hata Marekani, ambako sheria ya taifa hailazimishi tarehe kwenye vyakula vingi, maziwa hayo yamelazimishwa.

SUMU ISIYOSOMA TAREHE

Kuna hatari moja ambayo tarehe haiwezi kuizuia, nayo inamhusu kila mwenye kusaga, kufungasha au kuuza unga: sumukuvu. Hii hutokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa vizuri. Unga uliosagwa kwa mahindi ya namna hiyo una sumu tangu siku ya kwanza, ukiwa na tarehe safi ya mwaka ujao.

Mwaka 2016 ugonjwa wa sumukuvu ulizuka Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68 walihesabiwa, na 20 kati yao walikufa. Kenya mwaka 2004 ilihesabu wagonjwa 317 na vifo 125. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na wafanyabiashara wa nafaka waliona malori yakikwama mpakani. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika bilioni moja. Jicho haliwezi kuona kipimo hicho. Kupika ugali hakuiondoi.

Unga wa lishe unahitaji uangalifu mara mbili, kwa kuwa ndani yake huchanganywa mahindi, karanga na soya: una mafuta mengi ya kuharibika haraka, una malighafi zinazopendwa na fangasi, na mlaji wake ni mtoto. Ukiona ukungu kwenye unga wowote, usiuchekeche na usiwape ng'ombe wa maziwa. Sumu hupita hadi kwenye maziwa.

KWA ANAYETAKA KUFUNGASHA MWENYEWE

Wawekezaji wadogo kadhaa wanatazama biashara ya kusaga na kufungasha sembe badala ya kuuza mahindi ghafi. Ni wazo zuri, lakini wajue kwamba anayefungasha ndiye anayeandika tarehe, na anayeandika tarehe ametoa ahadi. Usinakili tarehe ya mfuko wa jirani. Mashine yake, ukavu wa mahindi yake na mfuko wake si sawa na vyako.

Njia ya kuanzia ni kupima ukavu wa mahindi kabla ya kusaga, kupeleka sampuli TBS, na kuhifadhi mifuko michache ya kila awamu kwenye stoo ya kawaida. Ifungue mmoja kila mwezi, unuse, upike, uandike. Baada ya mwaka utakuwa na daftari lenye thamani kuliko tangazo la redio. Ofisi ya SIDO mkoani ipo kwa ajili ya kuwaelekeza wasindikaji wadogo. Hodi yake haina ada.

ATAKAYEFUTA TAREHE

Wapo wanaofuta tarehe kwa thina na kupiga nyingine, au kumimina bidhaa kwenye mifuko mipya. Hilo ni kosa la jinai, na majirani wetu wameona linavyofika mbali. Mei 2023 Kenya iliwasimamisha kazi maofisa 27 baada ya mifuko 20,000 ya sukari, iliyoingizwa mwaka 2018 na kukataliwa kwamba haifai kwa binadamu, kuachiwa kinyemela itoke ghalani. Sukari hiyo ilitakiwa igeuzwe spiriti ya viwandani.

Mnunuzi wa jumla ajilinde kwa macho yake: karatasi iliyobandikwa juu ya tarehe ya mwanzo, wino unaotoka kwa kidole, tarehe ya pakiti isiyolingana na ya katoni, au katoni isiyo na namba ya awamu. Ukikuta mojawapo, usipokee mzigo, na risiti zako ziwe tayari. Bidhaa mbaya isiyo na risiti inahesabiwa kuwa ni yako.

USHAURI WA WIKI

Kabla ya kuagiza mzigo mwingine, funga duka saa moja mapema siku moja, shika daftari, uandike kila bidhaa yenye tarehe isiyozidi siku 90. Zile za siku 60 hadi 90 zisogeze mbele na umwambie kila mteja. Zile za siku 30 hadi 60 zishushie bei, uandike kwa kalamu sababu ya kushusha. Mama lishe na wapishi wa shule za bweni hutumia mzigo ndani ya wiki, na wataufurahia. Zilizo chini ya siku 30 usimuuzie mwenye duka wa Namtumbo au Mbinga. Atazipokea mara moja, na hatarudi mara ya pili. Zilizokwisha pita ziondoe rafuni leo, zitenge, ziandikie, na umwone ofisa afya juu ya kuziteketeza. Karatasi ya uteketezaji iingie kwenye faili la hesabu.

Daftari hilo likionyesha kwamba bidhaa fulani hujirudia kwenye orodha ya siku 30 kila mara, tatizo haliko kwa wateja. Unaagiza nyingi mno. Agiza nusu, mara mbili.